Kufuatilia seli shina zinavyobadilika bila kuziua: hadubini, midia, umeme au Raman? Ulinganisho kwa walioko Arusha na Moshi

Hii nimewaandikia wenzangu wa maabara za huku kaskazini, hasa vijana wa masters na PhD ambao supavaiza ameshakubali waoteshe seli shina (seli ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa aina nyingine) na sasa wanapambana na bajeti. Swali linalokuja kila mara ni lilelile: nitajuaje seli zangu zimeanza kugeuka kuwa mfupa au mafuta bila kuziua?

Maana njia ya kawaida kila mtu anaijua, unaotesha wiki tatu hivi, unazifiksi kwa formalini, unamwagia alizarini nyekundu kuona kalsiamu au Oil Red O kuona mafuta, na hapo hizo seli ndo zimeisha. Umepata jibu la siku moja tu. Siku ya 4 kilitokea nini hujui, siku ya 9 hujui, labda uwe umetenga vishimo vingi vya pleti vya kuua siku tofauti tofauti, na hata hapo unalinganisha seli za kishimo hiki na za kishimo kile, sio zilezile. Na kwa anayewaza siku moja hizo seli zimfikie mgonjwa ndo kabisa, huwezi kumpandikizia mtu kitu ulichokifiksi.

Zipo njia za kuzifuatilia zikiwa hai, na hapa nazungumzia nne ambazo kwa kweli ndo zinashindana, nyingine nitazigusa tu. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa maabara nyingi za huku anza na hadubini ya fezi kontrasti pamoja na kupima midia iliyotumika (yale maji yenye virutubisho yanayolea seli), impidansi, yaani kupima ukinzani wa umeme, iwe hatua ya pili ukishakuwa na umeme wa uhakika, na Raman, ile ya kusoma molekuli kwa leza, usinunue, tafuta mwenye nayo mshirikiane. Ila kuna swali moja la mfupa ambalo hadubini haiwezi kulijibu hata uiangalie mwaka mzima na Raman inalijibu, so kama kazi yako ni mfupa usiishie katikati.

Hadubini

Seli hai hazina rangi, mwanga unazipita tu, lakini ukipita ndani ya seli unachelewa kidogo kuliko ukipita kwenye maji, na fezi kontrasti inageuza huo uchelewaji kuwa giza na mwanga. Frits Zernike aliibuni miaka ya 1930, akapata Nobeli ya fizikia 1953, na mpaka leo sijaona kitu kinachokupa taarifa nyingi kwa hela ndogo kama hiki. Na maabara yoyote inayootesha seli tayari inayo, kwa hiyo gharama ya kuanza ni nidhamu tu.

Kwa mafuta ndo inang'aa hasa. Seli shina za mesenkaimu (zile za kwenye uboho na mafuta zinazoweza kuwa mfupa, mafuta au gegedu) zikiwa hazijaguswa ni ndefu, nyembamba, zimejipanga kama zinaelekea upande mmoja. Ukiweka midia ya kuzigeuza kuwa mafuta, baada ya siku kadhaa utaona baadhi zimepoteza ule urefu, zimejikunja na kuwa duara zaidi, halafu ndani yake, kuzunguka kiini, vinatokea vitone vidogo vinavyong'aa kuliko kitu chochote kwenye picha, mwanzoni vidogo sana, baadaye vinaungana na kuwa vikubwa mpaka seli nzima imejaa. Hapo huhitaji mtu akuambie, unaona kwa macho, na ukiwa na picha za sehemu ileile kila siku unaweza kuhesabu seli ngapi zina vitone na eneo lake limekua kiasi gani, programu ya Fiji inafanya hiyo kazi na ni bure kabisa. Programu ya Cellpose nayo ni bure na inatenganisha seli moja moja vizuri kuliko kuchora kwa mkono.

Kwa mfupa sio rahisi hivo. Seli zinakuwa pana, zenye pembe pembe, zinarundikana, na wiki ya pili au ya tatu unaona chembe nyeusi nyeusi juu ya tabaka. Hizo chembe watu wengi wanazipigia makofi mapema sana, nitarudi hapo kwenye Raman. Kwa gegedu, ambalo linaoteshwa kama kidonge cha seli laki mbili na nusu hivi, hadubini ya kawaida inaona ukingo tu, ndani ni giza.

Udhaifu wake mkubwa mwingine ni kwamba inachelewa. Jeni zimeshabadilisha mwelekeo siku za mwanzo na wewe kwenye picha unaona seli zilezile za juzi. Na jicho la mtu linapendelea, ukijua hiki kishimo ndo chenye dawa ya kuzigeuza utaona mabadiliko hata yasipokuwepo, kwa hiyo weka alama ya kalamu chini ya pleti ili upige picha sehemu ileile, mwanga uleule, muda uleule, halafu anayehesabu asiambiwe kipi ni kipi. Hili halina gharama na ndo linalotofautisha data na hadithi.

Kuhusu kuacha kamera ndani ya inkubeta (kabati la joto linalolea seli) ipige yenyewe, inawezekana. OpenFlexure, ile hadubini ya kuprinti kwa 3D yenye kamera ya Raspberry Pi, ilianzia Uingereza lakini imetengenezwa na kujaribiwa hapahapa Tanzania, Bongo Tech & Research Labs ya Dar na Ifakara wameifanyia kazi kwa ajili ya malaria, so sio kitu cha mbali. Changamoto ni unyevu wa inkubeta, elektroniki haziupendi, na lazima ufunike saketi vizuri. Pia usiache taa inawaka muda wote. Mwanga wa bluu hasa unaumiza seli, na kwenye midia yenye ribofleivini (vitamini B2) na HEPES (kemikali ya kutuliza pH) mwanga unatengeneza haidrojeni peroksaidi, yaani unazitia sumu huku unaamini hujazigusa. Taa iwake sekunde ya picha tu izime.

Midia unayoimwaga

Hii ndo njia ninayosikitika ikipuuzwa. Kila baada ya siku mbili tatu unabadilisha midia, ile ya zamani unaitupa, na ndani yake seli zimeandika kila kitu, zimekula nini na zimetoa nini. Badala ya kuitupa gawa kwenye viala vidogo, andika tarehe na kishimo, weka frija ya nyuzi hasi 80. Seli hazijaguswa hata kidogo zaidi ya zilivyoguswa kawaida.

Cha kwanza pima glukosi na lakteti. Seli ikitumia glukosi kwa njia ya kuchachusha tu, kila molekuli moja inatoa lakteti mbili. Seli nyingi za mesenkaimu kabla ya kubadilika zinaegemea huko, zikielekea mfupa mitokondria zinaanza kufanya kazi zaidi na ule uwiano unashuka chini ya 2. Ukichora uwiano huo siku kwa siku unapata mstari wenye maana, na maabara ya kawaida ya hospitali inazo kemikali za kupima vyote viwili. Kuna wanaotumia glukometa ya kisukari, inawezekana, midia ya DMEM yenye sukari nyingi ina gramu 4.5 kwa lita ambayo ni kama 450 kwenye kipimo cha miligramu kwa desilita, bado iko ndani ya uwezo wa glukometa nyingi, ila strip imetengenezwa kwa ajili ya damu, lazima utengeneze mstari wako wa ulinganisho kwa midia ya sukari unayoijua. Na weka kishimo kisicho na seli, maana vishimo vya pembeni vinakauka na kukauka kunaongeza kila namba.

Cha pili ni protini zinazotolewa. Seli za mafuta zinatoa adiponektini, hiyo unaipima kwa ELISA (kipimo cha protini kinachotumia kingamwili). Hapa kuna mtego ambao unatuhusu sana huku, wengi wanaanza na mafuta ya ng'ombe kutoka machinjioni kwa sababu yanapatikana na kibali chake sio kirefu kama cha binadamu. Sasa kama seli ni za ng'ombe na seramu (majimaji ya damu ya kulishia seli) uliyoweka ni ya ndama, na seramu yenyewe imejaa adiponektini, utajuaje ipi imetoka kwenye seli zako? Huwezi, labda upunguze au uondoe seramu siku za kupima. Na vifaa vya kupimia (kit) vya binadamu vinaweza visiitambue kabisa protini ya ng'ombe. ALP (kimeng'enya cha seli za mfupa) nayo watu wanaitafuta kwenye midia, lakini sehemu yake kubwa imekaa kwenye ngozi ya seli, kwenye midia unapata mabaki tu.

Udhaifu wa midia ni kwamba inakupa wastani wa kishimo kizima. Nusu ya seli zikigeuka na nusu zikagoma, namba haikuambii.

Umeme, yaani impidansi

Hapa ndo pana mvuto mkubwa kwa wenye bajeti, na nauelewa. Wazo lilitoka kwa Ivar Giaever na Charles Keese miaka ya 1980, Giaever tayari alikuwa na Nobeli ya fizikia ya 1973. Unaotesha seli juu ya elektrodi ndogo za dhahabu zilizobandikwa chini ya kishimo, unapitisha mkondo mdogo sana wa umeme unaogeukageuka, seli hazisikii kitu. Ngozi ya seli haipitishi umeme vizuri, so mkondo unafanya kama maji ya mfongo (mfereji wa shambani) yaliyokuta mawe, unatafuta njia pembeni na chini ya seli. Seli zikijitandaza na kushikana ukinzani unapanda, zikijikunja unashuka. Ukipima kwa masafa ya chini unasikia zaidi nafasi zilizo kati na chini ya seli, kwa masafa ya juu mkondo unapenya na unasikia jinsi seli zilivyofunika elektrodi.

Uzuri wake ni muda. Inasoma kila dakika chache usiku na mchana bila kufungua mlango wa inkubeta, kwa hiyo zile siku za mwanzo ambazo hadubini haioni kitu, hii inaona. Mwaka 2011 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwenye jarida la PNAS kwamba seli shina za kutoka kwenye mafuta zikielekezwa mfupa na zikielekezwa mafuta zinatoa mistari tofauti, tena mapema. Na kwa anayetengeneza seli za moyo, impidansi inasoma hata mapigo.

Lakini impidansi haisemi "mfupa", inasema "kuna kitu kimebadilika kwenye umbo na mshikamano". Seli zikizaana tu bila kubadilika mstari unapanda vilevile. Ukiweka seli 5,000 kishimo hiki na 6,000 kile umeshaharibu ulinganisho kabla hujaanza. Lazima uwe na kishimo chenye midia ya kawaida, idadi ileile, kila jaribio.

Na kuna gharama ambayo haitajwi kwenye kotesheni ya kwanza. Mashine unanunua mara moja, pleti za dhahabu unanunua kila jaribio, zinatoka nje, zinakuja na usafirishaji na forodha na kusubiri. Mradi wa miaka miwili unaweza kukwama sio kwa mashine bali kwa pleti zilizochelewa. Kabla hujasaini, piga hesabu ya pleti za mradi mzima ziingie kwenye bajeti ileile ya mashine, ukiona haziingii acha.

Umeme wa ukutani ndo jambo lingine. Hadubini ukikatikiwa unasubiri unapiga picha baadaye, inkubeta iliyofungwa inatunza joto kwa muda. Impidansi ukikatikiwa unapata pengo kwenye mstari, na mlango ukifunguliwa au joto likishuka mstari unaruka, wiki mbili baadaye hujui ule mruko wa siku ya 6 ulikuwa baiolojia au jenereta. Inkubeta, kisomaji na laptopu vyote viwe kwenye UPS, na uandike kila tukio kwenye daftari na saa yake.

Kitu cha huku kwetu: mwinuko

Hii naiweka katikati kwa sababu inagusa njia zote na maprotokoli ya nje hayaitaji. Arusha tuko kama mita 1,400, shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 86 badala ya 101 za usawa wa bahari. Inkubeta ikikuandikia CO2 asilimia 5, hiyo ni asilimia 5 ya hewa nyepesi, kwa hiyo CO2 inayoingia kwenye midia ni pungufu kwa kama asilimia 15, na pH inapanda kidogo, kama 0.07. Kufikia hali ya pwani ungehitaji karibu asilimia 6, Moshi mjini ambako ni chini zaidi kama 5.5. Oksijeni nayo imepungua kwa kiwango hichohicho. Sio janga, seli zinaishi, lakini ukilinganisha lakteti zako na za jarida lililofanyika London au ukisoma rangi ya fenoli nyekundu (rangi ya midia inayobadilika na pH) kwa jicho utadanganyika. Acha midia bila seli ilale kwenye inkubeta usiku mmoja, asubuhi pima pH yake haraka kabla haijapoteza gesi, rekebisha kutokea hapo, na uandike kwenye tesisi.

Raman

Unapiga leza kwenye seli, mwanga mwingi unarudi na rangi ileile, sehemu ndogo sana inarudi imebadilika rangi kidogo kutegemea na molekuli iliyoigusa, na ukiichora unapata mstari wenye vilele (spektra), kila molekuli na vilele vyake. C. V. Raman aliligundua hilo 1928, Nobeli ikaja 1930. Maji yanatoa ishara hafifu sana kwenye Raman, ndo maana inafaa seli hai zilizoko kwenye maji. Leza ya nanomita 785 ndo inayopendwa kwa seli kwa sababu haiziumizi sana na haiamshi mng'ao mwingi wa chinichini.

Sasa ile habari ya chembe nyeusi. Midia ya mfupa ina beta-gliserofosfeti, kawaida milimola 10, seli zikiikata inatoa fosfeti, fosfeti inakutana na kalsiamu ya midia na inaganda. Inaweza kuganda kama mfupa unavyogandishwa, kwa mpangilio juu ya kolajeni (protini ya nyuzi) ambayo seli zimeitandaza, au inaweza kuganda ovyo tu kwa sababu fosfeti imezidi au seli zimekufa. Kwenye hadubini zote ni chembe nyeusi. Kwenye alizarini zote ni nyekundu. Nimeona watu wanafurahia pleti nyekundu nzuri ambayo haina mfupa wowote ndani, na inauma kwa sababu kazi ya miezi imejengwa juu yake. Raman inatofautisha: madini ya mfupa yana kilele chake maarufu cha fosfeti karibu na 960 kwa sentimita, na kolajeni ina vilele vyake, cha amaidi kinakuwa karibu na 1,660 na vile vya prolini na haidroksiprolini kati ya 850 na 880. Ukiona 960 imekaa pamoja na kolajeni na inakua siku hadi siku, una hoja. Ukiona 960 peke yake, una fosfeti ya kalsiamu iliyoganda ovyo tu. Hiyo ndo hoja niliyosema mwanzo kwamba wa mfupa msiishie kwenye hadubini.

Udhaifu wake sasa. Ni ya polepole, sekunde kadhaa mpaka dakika kwa nukta moja, kwa hiyo unapima seli chache. Pleti za kawaida za polistairini zenyewe zina kilele kikali kwenye 1,001, karibu kabisa na cha fenilalanini cha seli kwenye 1,003, so lazima uhamie kwenye sahani zenye kioo cha kwatzi au kalsiamu floraidi chini, na hizo bei yake sio ya mzaha. Fenoli nyekundu uiondoe kwenye midia. Na kusoma spektra kunahitaji mtu anayejua takwimu za vipengele vingi, sio kuangalia vilele kwa macho tu. Maabara zenye Raman kwa ajili ya vifaa na madini zipo vyuoni, na mwenye mashine mara nyingi anatafuta maswali mazuri, wewe peleka swali.

Nyingine kwa ufupi

Holografia ya kidijitali inapima uzito mkavu wa seli kwa mwanga hafifu sana, nzuri, ghali. Mng'ao wa asili wa NADH na FAD (molekuli za nishati za seli) unaonyesha metaboli ya seli moja moja, jambo ambalo midia haiwezi, lakini kwa kiwango cha kuaminika inahitaji leza ya fotoni mbili na hiyo ni mashine ya taasisi nzima. Jeni ya kuwaka ya GFP (protini inayong'aa kijani), iliyowapa Shimomura, Chalfie na Tsien Nobeli ya kemia 2008, inasema wazi kabisa jeni gani imewaka na lini, ila umeshaichezea seli, haiendi kwa mgonjwa, na vibali vya usalama wa kibaiolojia vinaanza upya. Mimi siiweki kwenye kundi la kutogusa seli.

Uchague nini

Chochote utakachochagua, vishimo vya kuua vibaki. Masharti ya 2006 ya ISCT (chama cha kimataifa cha tiba ya seli) ya kuita seli kuwa za mesenkaimu yalidai zishike plastiki, ziwe na alama za uso za CD73, CD90 na CD105 na zikose alama za seli za damu, na zionyeshe kwa rangi kwamba zinaweza kuwa mfupa, mafuta na gegedu. Njia hizi zote zinakupa ishara, na ishara haina maana mpaka umeifunga na kishimo pacha kilichopakwa rangi siku hiyohiyo. Mhakiki wa jarida atakuuliza hilo kwanza.

Kazi ikiwa ni mafuta, hadubini na Fiji zinatosha, ongeza glukosi na lakteti, hela iliyobaki nunua seramu nzuri. Ikiwa ni mfupa, hadubini kila siku na midia kila unapoibadilisha, halafu panga mapema siku mbili au tatu za Raman kwa mshirika, za mwanzo, kati na mwisho, ukiotesha vishimo hivyo kwenye kwatzi tangu siku ya kwanza. Gegedu la kidonge, impidansi ya chini ya kishimo haikufai maana kidonge hakijitandazi juu ya elektrodi, pima glaikosaminoglikani (sukari ndefu za gegedu) zinazovuja kwenye midia. Kama unajaribu dawa nyingi au dondoo za mimea kwa pamoja na swali ni lipi linaharakisha na lini, hapo ndo impidansi inalipa hela yake, kwa sharti la pleti na UPS.

Na kwa mdogo wangu wa Tengeru aliyeniuliza kuhusu seli za ng'ombe: achana na ELISA za binadamu, piga picha kila siku muda uleule, gandisha midia yote hata ambayo hujui utaipima nini, na siku mbili kabla ya kila kipimo cha protini shusha seramu kwa pleti zote pamoja na ile isiyo na dawa. Impidansi omba baadaye ukiwa na data ya kumshawishi mfadhili.